Kutoa ni Moyo au ni Zamu? Dhana ya Kujitolea katika Jumuiya ya Sinagogi

Utangulizi

Katika makutano ya University Way na Uhuru Highway jijini Nairobi, hatua chache kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, pana sinagogi. Wengi wetu tumelipita jengo hilo tukielekea mjini kusaka vitabu na tukirejea bwenini jioni, tusijue lolote kulihusu ila kwamba ni mahali pa ibada pa Wayahudi. Jumuiya yenyewe ni kongwe. Ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, sinagogi lake la kwanza likafunguliwa mwaka wa 1913, na jengo lililopo leo ni la miaka ya 1950. Makala haya hayakusudii kusimulia historia ya jengo wala kuingilia itikadi za dini. Yananuia kufafanua jambo ambalo mpita njia halioni: namna jumuiya ya sinagogi, popote ilipo duniani, inavyoipanga kazi ya kuwatunza wagonjwa, maskini, wafiwa na hata maiti kupitia kwa watu wasiolipwa chochote.

Kilichotuvuta kwenye mada hii ni methali yetu wenyewe. Waswahili husema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii humkosoa tajiri mchoyo na humtukuza maskini mkarimu, na kwa hilo hatuna ugomvi nayo. Hata hivyo, inaacha swali moja bila jibu. Ikiwa kutoa ni moyo, je, siku moyo usipotaka mgonjwa atapikiwa na nani? Sheria ya Kiyahudi imelijibu swali hilo kwa namna iliyo tofauti kabisa na tuliyoizoea, na tofauti hiyo inaanzia katika maneno.

Sadaka, tsedaka na kujitolea

Neno sadaka liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio huohuo uliotupa kitenzi sadiki. Katika Kiarabu mzizi huo hubeba maana ya ukweli na uaminifu. Kiebrania, ambacho ni ndugu ya Kiarabu katika jamii ya lugha za Kisemiti, kina neno tsedaka la mzizi uo huo, lakini huko maana yake ya msingi ni haki. Tofauti hii si ndogo. Anayetoa sadaka kwa mazoea yetu huonekana ametenda hisani, na huenda akashukuriwa. Anayetoa tsedaka, kwa mujibu wa sheria yake, amemfikishia mwenziwe kilicho haki yake. Ndiyo maana Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, inaagiza kwamba hata maskini anayeishi kwa tsedaka sharti naye atoe tsedaka kutoka katika kidogo alichopewa. Kwa mara ya kwanza agizo hili huonekana kama ukatili. Ukilitazama tena utaona ni heshima: maskini haondolewi katika orodha ya watu wenye wajibu.

Marabi hao hawakuishia kwenye fedha. Waliitenga dhana nyingine, hesedi, yaani fadhili, na wakasema matendo ya fadhili yanaipiku tsedaka kwa mambo matatu. Tsedaka hutolewa kwa mali pekee, ilhali fadhili hutendwa kwa mali na kwa mwili. Tsedaka ni ya maskini, fadhili ni ya maskini na tajiri. Tsedaka huwafaa walio hai, fadhili huwafaa walio hai na waliokufa. Msomaji aliwekee alama hilo la mwisho, kwa kuwa tutalirudia.

Sasa tulitazame neno tunalolitumia sisi, kujitolea. Kimofolojia, kitenzi hiki kina kirejeshi -ji- na mnyambuliko wa kutendea. Kirejeshi kimeikalia nafasi ya yambwa, hivyo sentensi "ninajitolea" imekamilika bila ya mpokeaji kutajwa. Mtendaji amejitaja mara mbili, mgonjwa hayumo! Hatudai kwamba sarufi ndiyo inayotufanya tuwasahau wagonjwa, la hasha. Kiebrania nacho kina kitenzi cha kujitolea chenye umbo la kujirejea, hitnadev, na ni cha kale kiasi cha kupatikana katika kitabu cha Waamuzi. Hata hivyo, katika maisha ya sinagogi kazi nyingi tutakazozieleza haziitwi kwa jina hilo. Huitwa mitsva, na maana ya mitsva ni amri.

Hapa ndipo panapokuja kauli inayomshangaza kila anayeisikia kwa mara ya kwanza. Talmudi inamnukuu Rabi Hanina akifundisha kwamba anayetenda jambo kwa kuwa ameamrishwa ni mkuu kuliko anayelitenda bila kuamrishwa. Sisi tungetarajia kinyume chake. Wafasiri wa zama za kati walieleza sababu kwa taswira nzuri: asiyeamrishwa ni kama mtu mwenye mkate kapuni mwake. Anajua kwamba akichoka anaweza kuacha, hivyo hana wasiwasi. Aliyeamrishwa hana njia ya kuondokea, na kila siku hupambana na uvivu wake mwenyewe. Thamani ya tendo lake imo katika mapambano hayo.

Sehemu moja kwa sitini

Kumzuru mgonjwa ni mitsva ya watu wote, wakubwa kwa wadogo. Katika Talmudi pana mafunzo kwamba kila anayemzuru mgonjwa humwondolea sehemu moja kwa sitini ya ugonjwa wake. Papo hapo anajitokeza msomi mwerevu na kuuliza: kwa nini basi wasiingie watu sitini kwa pamoja, mgonjwa akainuka? Anajibiwa kwamba kila mmoja huondoa sehemu moja kwa sitini ya kile kilichobaki, si ya kile kilichokuwapo mwanzo. Mwenye kupenda hesabu na apige mwenyewe. Ataona kwamba hata wakija sitini, zaidi ya thuluthi ya ugonjwa hubaki. Ziara haimponyi mtu, lakini pia hakuna ziara isiyopunguza kitu, na hakuna anayeweza kusema wenzake wameshamaliza kazi.

Mwongozo wenyewe ni wa kinaganaga. Mgonjwa asizuriwe katika saa tatu za kwanza za mchana, kwa kuwa asubuhi huonekana ana nafuu na mgeni atadhani hahitaji kuombewa. Wala katika saa tatu za mwisho, kwa kuwa jioni huonekana amezidiwa na mgeni atakata tamaa. Pia kuna kisa cha Rabi Akiva, aliyesikia kwamba mwanafunzi mmoja anaugua na hakuna msomi aliyekwenda kumwona. Akiva akaenda mwenyewe. Kwa sababu yake chumba kilifagiwa na sakafu ikanyunyiziwa maji, na mgonjwa akapona. Akiva akatoka nje akafundisha kwamba asiyewazuru wagonjwa ni kama amemwaga damu. Tuzingatie kwamba kilichomfaa mgonjwa yule hakikuwa hotuba, kilikuwa ufagio.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kukikumbuka kisa hicho. Tulipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, mwenzetu mmoja wa darasa la fasihi simulizi alilazwa hospitalini kwa majuma matatu. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia moja, na hapakuwa na hata mmoja asiyemwonea huruma. Kila mmoja alidhani wengine wamekwenda. Aliporejea alituambia, bila hasira yoyote, kwamba tangu alazwe alizuriwa mara mbili, na mara zote mbili na dada yake aliyesafiri kutoka kijijini. Sote tulikuwa na moyo. Hapakuwa na aliyekuwa na zamu.

Zamu ndiyo siri ya sinagogi. Katika miji mingi ya Marekani, Uingereza na Israeli, jumuiya huwa na kamati ya kuwazuru wagonjwa yenye orodha: nani atapeleka chakula Jumatatu, nani atamwendesha mzee kwenda kliniki, nani atakaa na mtoto mama akiwa wodini. Familia iliyopata mtoto hupikiwa kwa zamu, na iliyofiwa vivyo hivyo. Asiyejua kupika hupewa kazi ya kupiga simu. Mtu haulizwi kama anajisikia. Huulizwa atachukua siku gani.

Wawili wakusanye, watatu wagawe

Fedha nazo zina taratibu zake, na tutazipitia kwa haraka kiasi. Tangu enzi za Mishna, takriban mwaka wa 200 baada ya Kristo, kila mji wa Wayahudi ulitarajiwa kuwa na mfuko wa maskini uliogawiwa kila juma, pamoja na sinia la chakula lililogawiwa kila siku. Mfuko ulikusanywa na watu wasiopungua wawili na kugawiwa na watatu. Wawili kwa sababu hakuna anayepaswa kuwa na mamlaka ya peke yake juu ya mali za watu. Watatu kwa sababu kuamua nani apewe kiasi gani ni hukumu, na baraza la hukumu za mali ni la watu watatu. Wahazini wa vyama vyetu vya wanafunzi wangeweza kujifunza kitu hapo, lakini hilo tuwaachie wakaguzi wa hesabu.

Hata mgeni hakusahauliwa. Aliyekaa mjini siku 30 alianza kuchangia sinia la chakula, aliyekaa miezi 3 akachangia mfuko, miezi 6 akachangia mavazi, miezi 9 akachangia maziko, na aliyetimiza miezi 12 akachangia kuta za mji. Kuwa mwenyeji kulipimwa kwa majukumu.

Mwanafalsafa na tabibu Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Cordoba katika karne ya 12 na kufa nchini Misri mwaka wa 1204, aliipanga tsedaka katika daraja nane. Ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amenuna. Juu yake yupo atoaye pungufu kwa uso mkunjufu, kisha atoaye baada ya kuombwa, kisha atoaye kabla ya kuombwa. Daraja zinazofuata zinahusu kujuana. Mpokeaji akimjua mtoaji ilhali mtoaji hamjui mpokeaji, ni vyema. Anasimulia juu ya wasomi wa kale waliofunga sarafu katika nguo na kuzirusha nyuma ya migongo yao ili maskini waokote bila kuaibika. Mtoaji akijua na mpokeaji asijue, ni vyema zaidi. Wote wawili wasipojuana, ni vyema mno. Lakini kileleni hakuna siri wala kitambaa. Kileleni yupo anayemkopesha mwenziwe, anayeshirikiana naye kibiashara au anayempatia kazi, ili asihitaji tena kuomba. Kutokana na fikra hiyo, na katazo la Taurati la kumtoza riba ndugu maskini, jumuiya nyingi zina hazina za mikopo isiyo na riba. Mojawapo, iliyoanzishwa na wahamiaji jijini New York mwaka wa 1892, ingali inakopesha watu wa dini zote.

Tukiitia harambee zetu katika mizani hiyo, zile ambazo majina na viwango husomwa kwa kipaza sauti, zitaangukia daraja gani? Kwa haki yazo, harambee zimejenga shule na zimetusomesha wengi wetu. Ila yule anayesomewa michango akiwa ameketi mbele ya watu, macho chini, Maimuni angemwonea huruma.

Fadhili isiyolipika

Tulisema fadhili huwafikia hata waliokufa. Kundi linaloshughulika na maiti huitwa hevra kadisha, yaani chama kitakatifu, na katika jumuiya nyingi ndilo kundi linaloheshimika kuliko yote, japo wanachama wake hawajitangazi. Mtu akifariki, maiti haiachwi peke yake. Hukeshewa hadi maziko. Wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake. Mwili hufunikwa wakati wote, hufunuliwa tu sehemu inayooshwa, na waoshaji hawapiti juu yake wala hawapiani vitu juu yake kana kwamba ni meza. Hakuna soga. Kisha humiminiwa maji mengi ya josho na kuvishwa sanda nyeupe ya kitani au pamba isiyo na mifuko. Mwishowe waoshaji humwomba marehemu, kwa kumtaja jina, awasamehe iwapo wamemkosea heshima kwa namna yoyote. Msomaji kutoka Lamu au Mombasa ataona mengi anayoyajua, kwani josho na sanda si mageni pwani yetu.

Sanda ile sahili ina historia yake. Talmudi yaeleza kwamba zamani gharama za maziko ziliwaelemea jamaa kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakawa wanaiacha maiti na kukimbia. Ndipo Rabani Gamlieli, kiongozi mkuu wa jamii yake, alipojivunjia makuu na kuagiza azikwe kwa nguo rahisi za kitani. Watu wote wakafuata. Tangu hapo tajiri na fukara hutoka duniani wakiwa na vazi moja. Katika nchi ambayo jamaa huhangaika kuchangisha fedha za kuikomboa maiti mochari, na ambako jeneza hukaguliwa na waombolezaji kama gari jipya, kisa hiki hakisomeki kama cha kale.

Kazi hii huitwa fadhili ya kweli, kwa sababu anayetendewa hawezi kulipa, hawezi kushukuru, na hatajua. Methali za ukarimu katika lugha nyingi, zikiwamo zetu, huahidi malipo: tenda wema, siku moja utahitaji. Hapa malipo yameondolewa kabisa ili ionekane kinachobaki. Chama cha maziko cha Prague kilianzishwa mwaka wa 1564, na michoro yake ya karne ya 18, iliyohifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Kiyahudi mjini humo, inaonyesha wanachama wakiwa kando ya mgonjwa, wakishona sanda, wakiosha maiti na kuchimba kaburi. Walikuwa watu wa kawaida wenye shughuli zao.

Baada ya maziko huanza siku saba za matanga ziitwazo shiva. Mlo wa kwanza wa mfiwa hauruhusiwi kuwa wa kwake. Ni lazima upikwe na majirani, na kwa desturi huwa na mayai au dengu, vyakula vya mviringo. Sheria inajua kwamba mfiwa ataweza kusema "msijisumbue", hivyo imemnyang'anya uwezo wa kukataa. Wanaoingia kumpa pole hukaa kimya hadi yeye aanze kusema.

Mipaka ya duara

Tukiishia hapo tutakuwa tumepamba. Jumuiya inayotunza watu wake hulazimika kujibu swali la nani si wake. Talmudi yenyewe inasema maskini wa mji wako watangulie maskini wa mji mwingine, na jamaa zako watangulie wengine. Sambamba na hilo, pana agizo jingine: maskini wasio Wayahudi walishwe pamoja na maskini wa Kiyahudi, wagonjwa wao wazuriwe na maiti wao wazikwe, kwa ajili ya njia za amani. Kauli hizi mbili hukaa katika nyumba moja na si kila mara huelewana.

Nairobi ya miaka ya 1930 inatupa mfano. Wayahudi walipokuwa wakiikimbia Ujerumani ya Hitler, serikali ya kikoloni ilidai dhamana ya fedha kwa wahamiaji, na Wayahudi waliotangulia kukaa Kenya waliwasaidia wakimbizi kuipata na kuanza maisha. Familia ya mwandishi Stefanie Zweig ilifika hapa mwaka wa 1938. Riwaya yake ya Kijerumani ya mwaka wa 1995, inayotokana na maisha hayo, ilifanywa filamu na Caroline Link mwaka wa 2001, ikatuzwa Oscar mwaka wa 2003. Sehemu ya mazungumzo yake ni ya Kiswahili. Msaada uliookoa roho ulitolewa ndani ya koloni ambamo Waafrika walikuwa wamenyang'anywa ardhi, na duara la tsedaka halikuwafikia hao. Filamu inalionyesha hilo bila kuhubiri. Walter, mkimbizi aliyekuwa wakili, anapougua malaria shambani, anayemuuguza ni mpishi wake Owuor, ambaye hana uanachama wa jumuiya yoyote wala amri ya rabi. Walter, asiye na mali, anampa joho lake la uwakili. Kwa wanafunzi wa fasihi wanaotafuta mada ya tasnifu, pana shamba hapo ambalo halijalimwa vya kutosha: ni nani aliyemtendea mwenziwe hesedi?

Wala Uyahudi wa Afrika Mashariki si wa wahamiaji peke yao. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo Abayudaya, waliofuata dini hiyo tangu mwaka wa 1919 chini ya Semei Kakungulu na kuishikilia hata Idi Amin alipoipiga marufuku. Mwanajumuiya wao, J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki, alikuwa New York asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 na akayashuhudia mashambulizi ya majengo yale mawili. Aliporudi nyumbani alizunguka kwa majirani Waislamu na Wakristo akiwaomba waunde ushirika mmoja wa kahawa. Ushirika ulianza mwaka wa 2004, ukauza kahawa yake hadi Marekani. Mwaka wa 2010 jumuiya hiyo ilipata kituo cha afya mjini Mbale, na shule zake hupokea watoto wa dini zote. Ushirika ule waliupa jina la Kiganda, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na wanachama wake wengi si Wayahudi.